Hadithi iliyowatupa wadaiwa njiani

Iko tamthilia moja ya Korea Kusini iitwayo "Squid Game", ambayo kwa lugha yetu tungeiita Mchezo wa Ngisi. Sisi wa Babati ngisi hatumjui, maana ziwa letu lina viboko na kambare, lakini tamthilia hiyo tunaijua. Tangu sehemu yake ya kwanza ilipotolewa Septemba 17, 2021, walimu, makarani, wauguzi na mabwana shamba wa mji huu wameitazama kwenye simu zao, kwenye kompyuta baada ya saa za kazi, na kwenye mabenchi ya vibanda vya video ambako mfasiri hupaza sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Sehemu ya tatu na ya mwisho ilitolewa Juni 27, 2025, na mimi niliitazama pamoja na walimu wenzangu katika likizo, kwa usiku wa siku mbili.

Nasema waziwazi kwamba tamthilia hii imenivunja moyo. Najua wako wengi waliovunjika moyo kama mimi, lakini sababu zao ni nyingine. Wengine wanalalamika kwamba shujaa ameuawa. Wengine wanasema hadithi imerefushwa kama mchuzi uliotiwa maji wageni walipoongezeka. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini ni madogo. Kosa kubwa la tamthilia hii ni kwamba iliwaita wadaiwa wote wa dunia waje kuisikiliza, ikaligusa donda lao kwa kidole, kisha ikawatupa njiani.

Kwa ndugu msomaji ambaye hakuitazama, nitaeleza kwa ufupi. Watu 456 waliozama katika madeni wanachukuliwa hadi kisiwa cha siri. Huko wanachezeshwa michezo ya watoto: kutembea na kusimama ghafla, kuvuta kamba, kucheza gololi. Anayeshindwa anauawa papo hapo, na kwa kila anayekufa won milioni 100 huongezwa katika chungu cha kioo kinachoning'inia juu ya vitanda vyao. Atakayebaki hai peke yake atachukua won bilioni 45.6. Mabwana matajiri waliovaa vinyago vya dhahabu wanatazama, wanakunywa, na wanawekeana dau juu ya nani atakufa.

Hadithi hiyo ilitushika kooni, na sababu haikuwa damu iliyomwagika humo, maana damu imejaa katika filamu zote za vibandani. Ilitushika kwa sababu ya deni.

Hebu tuseme ukweli ambao katika ofisi za umma na katika vyumba vya walimu husemwa kwa kunong'ona tu. Ipo mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuseme mwalimu anakopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi anadaiwa 390,000. Akishindwa kulipa zote, analipa ile 90,000 ya riba ili apewe mwezi mwingine. Akifanya hivyo kwa miezi minne ameshatoa shilingi 360,000, na deni lake la 300,000 limekaa pale pale kama jiwe la mafiga. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana. Kwa kiwango hicho mwalimu yule angelipa riba ya shilingi 10,500. Tofauti kati ya 10,500 na 90,000 ndiyo damu inayokaushwa.

Sheria inataka pia kwamba makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mkopeshaji wa kausha damu hana shida na kanuni hiyo. Yeye hapiti kwa mwajiri. Anachukua kadi ya benki ya mtumishi pamoja na namba yake ya siri, anaifungia katika mtoto wa meza, na siku ya mshahara anachukua chake kwanza.

Siandiki habari ya kusimuliwa. Kadi yangu mwenyewe ilikaa kwa mkopeshaji mmoja miezi saba. Niliikabidhi Januari, mwezi wa ada na sare, nikiamini kwamba nitaikomboa Machi. Kila siku ya mshahara alikuja kijana wake kwenye mashine ya kutolea fedha akiwa na bunda la kadi zilizofungwa kwa mpira. Alizitia mashineni moja baada ya nyingine, na sisi wenye kadi tulisimama ng'ambo ya barabara, kila mtu akijifanya anasubiri gari la kwenda Dareda au Bonga. Kadi ziliandikwa namba kwa wino mgongoni. Kijana yule hakutuita kwa majina. Aliita namba, mtu akavuka barabara, akapewa kilichobaki.

Ndiyo maana nilipowaona wale wacheza michezo wa Korea wakivalishwa mavazi ya kijani yenye namba kifuani, sikuhitaji mfasiri.

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ilistahili sifa, na sitaipunja. Ilionyesha kwamba mdaiwa si lazima awe mvivu wala mlevi. Alikuwamo mwanamke kijana aliyetoroka Korea Kaskazini, anayetafuta fedha za kumtoa mama yake huko. Alikuwamo kibarua kutoka Pakistani, Ali Abdul, ambaye mwajiri wake alimnyima ujira wa miezi mingi. Alikuwamo pia msomi, Sang-woo, fahari ya mtaa wao, mhitimu wa chuo kikuu kikubwa cha nchi, ambaye mama yake anauza samaki sokoni. Na ni msomi huyo aliyemhadaa Ali katika mchezo wa gololi, akamwachia mfuko wa vijiwe na kumpeleka kwenye kifo. Kipande kile kilinyamazisha chumba chetu chote. Walimu tulitazamana. Kila mmoja alijiuliza ni mara ngapi elimu yake imemtumikia mnyonge, na ni mara ngapi imemzunguka.

Tena sehemu ya kwanza ilitoa fundisho kuhusu uhuru wa mdaiwa. Baada ya mchezo wa kwanza waliobaki hai walikuwa 201. Walipiga kura, na wakashinda waliotaka kwenda nyumbani, 101 kwa 100. Milango ikafunguliwa. Siku chache baadaye 187 kati yao walirudi kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu nyumbani walikuta deni linawasubiri. Mtu asiyepata kudaiwa atasema hao ni wajinga. Aliyepata kudaiwa anaelewa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matangani huendi kwa hiari ingawa hakuna aliyekufunga kamba.

Basi tulingoja miaka mitatu na zaidi tukitarajia jibu la swali hilo: wadaiwa wakishajua kwamba wanachezewa, wafanye nini?

Sehemu ya pili ilikuja Desemba 26, 2024. Shujaa, Gi-hun, mshindi wa mchezo wa kwanza, anarudi kisiwani ili auvunje. Na hapa msomaji azingatie jambo moja ambalo tamthilia yenyewe ilituambia tangu mwanzo. Gi-hun alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, akafukuzwa kazi pamoja na wenzake, wakagoma, na rafiki yake akafa mbele ya macho yake. Mtunzi, Hwang Dong-hyuk, amesema kwamba alichukua mfano wa mgomo wa kweli wa kiwanda cha SsangYong mjini Pyeongtaek mwaka 2009, ambako wafanyakazi walikikalia kiwanda kwa siku 77 kupinga kufukuzwa. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mtu aliyepata kulala sakafuni pamoja na mamia ya wenzake, akagawana nao chakula, akajua maana ya kusimama pamoja. Mtunzi alikuwa na mbegu hiyo mkononi. Akaitupa.

Gi-hun anarudi na nini? Anarudi na fedha nyingi, na watu wa kukodi wenye bunduki. Akiwa ndani anawaomba wenzake wapige kura ya kuondoka. Waliobaki baada ya mchezo wa kwanza ni 365, kura zinalingana 182 kwa 182, na wa mwisho kupiga ni mkuu wa mchezo mwenyewe aliyejificha miongoni mwao. Wanabaki. Chungu kina won bilioni 9.1, na kila mtu angetoka na kiasi cha won milioni 24.9, ambazo hazitoshi kulipa deni lake. Nikajiambia, sasa watakaa. Sasa mmoja atauliza: wewe unadaiwa na nani? Na wewe? Je, si mtu yule yule? Kwa muda wa sehemu mbili nzima, katika chumba chenye mamia ya wadaiwa, hakuna kikao hata kimoja ambacho madeni yao yaliwekwa mezani yakahesabiwa kama jambo lao wote. Wamegawanywa kwa alama mbili, duara na msalaba, nyekundu na buluu, na usiku wanachinjana.

Kisha inakuja njia ya bunduki. Watu wachache wanapora silaha na kupanda ngazi kumtafuta mkuu, na hila inawamaliza. Katika sehemu ya tatu yule aliyekuja kuokoa anamnyonga kwa mikono yake mwenzake aliyeogopa kuleta risasi. Mwisho anazaliwa mtoto mchanga humo humo, anahesabiwa kuwa mchezaji, na Gi-hun anajitupa kutoka juu ili mtoto abaki hai. Mtoto ndiye mshindi. Fedha anazipata. Na kabla ya pazia kushuka tunaonyeshwa mjini Los Angeles mwanamke akiwanasa wadaiwa wapya kwa mchezo ule ule.

Huo ndio ujumbe tuliongojea: kwamba mdaiwa akiwa mwema sana, anaweza kufa vizuri.

Najua nitajibiwa. Msomi mmoja ataniambia kwamba huo ndio uhalisi, kwamba dunia ya ubepari ndivyo ilivyo, na kwamba mtunzi hakupewa kazi ya kuwafariji watu. Nami sikuomba faraja. Kama ni uhalisi tunaoutafuta, basi historia ya Korea yenyewe inamsuta mtunzi wake.

Mwaka 1907, katika miaka ile ile ambayo vita vya Maji Maji vilikuwa vikizimwa kwetu kwa njaa, Korea ilikuwa imefungwa kwa deni la won milioni 13 ililobebeshwa na Japani. Watu wa mji wa Daegu walianzisha harakati ya kulilipa deni hilo wenyewe. Wanaume waliahidi kuacha tumbaku kwa miezi mitatu na kutoa fedha hizo. Wanawake walitoa pete zao na pini za nywele. Wajapani waliikandamiza harakati hiyo, na mwaka 1910 wakaimeza nchi nzima. Ilishindwa, ndiyo. Lakini ilishindwa ikiwa imesimama pamoja, na kumbukumbu zake zilitiwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 2017.

Mwishoni mwa mwaka 1997 nchi hiyo iliangukia tena katika deni, safari hii la Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo sisi Watanzania tulivutana nalo hadi mapatano ya 1986. Mwaka 1998 Wakorea wapatao milioni tatu na nusu walipanga foleni wakiwa na pete za ndoa na nishani zao, zikakusanywa tani zipatazo 227 za dhahabu na kuuzwa nje. Dhahabu hiyo haikulipa deni lote, na mzigo mkubwa wa miaka ile waliubeba wafanyakazi waliopoteza kazi. Hata hivyo ni watu wale wale, wa nchi ile ile, ambao tamthilia inatuambia kwamba wakiwekwa chumbani wadaiwa 365 hawawezi kuketi saa moja wakahesabu madeni yao. Uhalisi uko wapi hapo?

Ukweli ni kwamba kuna wenye faida katika hadithi isiyo na mlango wa kutokea. Sehemu ya kwanza iligharimu dola milioni 21.4, na kwa mujibu wa hati za ndani za kampuni ya Netflix zilizovuja mwaka 2021, ilikadiriwa kuiletea kampuni hiyo thamani ya karibu dola milioni 900. Mtunzi, ambaye alizungushwa na wenye mitaji kwa takriban miaka kumi kabla hadithi yake haijakubaliwa, alisema kwamba alilipwa kwa mujibu wa mkataba wa awali tu. Alipoulizwa mwaka 2024 kwa nini amekubali kuandika tena, hakuficha kwamba fedha ni sababu mojawapo. Simlaumu. Namwona naye amesimama ng'ambo ya barabara, akingoja aitwe namba.

Lakini jambo la mwaka 2023 halina udhuru. Kampuni ile ile iliandaa mashindano ya kweli. Ikakusanya watu hai 456, ikawavalisha yale yale mavazi ya kijani yenye namba, ikawachezesha michezo ile ile huko Uingereza kwa tuzo ya dola milioni 4.56. Hakuna aliyepigwa risasi, bila shaka, ingawa baadhi yao walihitaji matibabu katika baridi ya Januari wakati wa kupigwa picha. Fikiri, ndugu msomaji. Hadithi iliyotungwa kuwalaani matajiri wanaostarehe kwa kuwatazama maskini wakigombea fedha imegeuzwa kuwa starehe ya kuwatazama watu wakigombea fedha. Kupe amenyonya hata laana aliyolaaniwa.

Na sisi je? Sitaki kuwaelekezea wengine kidole peke yao. Katika chumba tulichotazamia sehemu ya tatu, tuliwekeana dau. Mwalimu mmoja aliweka soda kwa mama mjamzito, mwingine aliweka chipsi kwa yule askari wa zamani. Nami niliweka. Mtu alipokufa, aliyeshinda alipiga kofi na aliyeshindwa akalalamika. Vinyago vya dhahabu tulikuwa hatuna, lakini kazi yake tuliifanya. Na katika chumba hicho hicho walikuwamo watu ambao kadi zao zilikuwa zimelala katika mtoto wa meza wa mtu.

Usiku wa pili, tamthilia ilipokwisha na watu wakaanza kulaumu, mwalimu mmoja wa hisabati, mama mzima asiyependa maneno mengi, alichukua karatasi akasema: "Walimu, tuliyoyasubiri kwa Wakorea tuyafanye wenyewe. Kila mtu aandike anadaiwa kiasi gani na kwa riba gani. Majina msiandike." Tulikuwa kumi na moja. Karatasi ikazunguka, ikarudi kwake, akaisoma kwa sauti. Ndipo tulipogundua kwamba saba kati yetu tunadaiwa na mkopeshaji mmoja, na kwamba kila mmoja alikuwa ameambiwa riba tofauti na mwenzake na kuapishwa asiseme. Kazi ambayo haikufanyika kwa vipindi kumi na vitatu vya sehemu ya pili na ya tatu ilichukua nusu saa.

Sisemi kwamba nusu saa hiyo ililipa deni la mtu. Lakini wiki iliyofuata watu saba walikwenda pamoja kwa mkopeshaji wakiwa na karatasi moja, wakataka hesabu za maandishi, na mtu ambaye kila mmoja wetu alimwogopa alipokuwa peke yake aliwapa viti wote saba wakae. Kadi zilirudi. Mimi nilimaliza deni langu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kwa riba ninayoweza kuisoma na kuielewa.

Kutokana na hayo nasema mambo matatu. Kwanza, aibu ndiyo dhamana ya kwanza ya mkopeshaji wa kausha damu, kabla hata ya kadi. Anayedaiwa kwa siri anakamuliwa kwa siri. Madeni yazungumzwe katika vyumba vya walimu na katika ofisi bila kucheka mtu. Pili, Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali. Hiyo ni hatua njema, lakini mkopeshaji wa mtaani hana programu, ana mtoto wa meza. Maafisa wanaohusika katika halmashauri zetu wasingoje waletewe malalamiko; siku ya mshahara wasimame kando ya mashine za fedha waone bunda la kadi. Tatu, watendaji wanaochelewesha fedha za uhamisho na malimbikizo ya watumishi wajue kwamba kila mwezi wanaochelewesha wanamsukuma mtu mlangoni kwa mnyonyaji. Kwa nini mtumishi adaiwe riba kwa sababu ya fedha ambazo yeye mwenyewe anadai?

Tamthilia hii ingeweza kuyasema mambo ya namna hii kwa kaya milioni 142 zilizoitazama katika wiki zake nne za kwanza. Ilipewa masikio ambayo hakuna mwalimu, kiongozi wala mhubiri aliyepata kupewa kwa haraka namna hiyo. Ikachagua kumtukuza mtu mmoja anayekufa, na kuwaacha wadaiwa wengine wote wakiwa wajinga, wauaji, au maiti. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe kidole cha shujaa.

Mwalimu mwenzangu, mtumishi mwenzangu, siku ya mshahara ya mwezi huu simama mwenyewe katika foleni ukiwa na kadi yako mkononi. Kama huna kadi hiyo, usijifanye unasubiri gari. Tuambie iko kwa nani.